Injini za ndege za zamani zenye silinda za duara: nitajuaje ipi rotari ipi radiali? (picha za Mafia 1915)

mwalimu_kilindoni

Habari za wakati huu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua injini za ndege za zamani, namaanisha zile za kabla na wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mimi ni mwalimu wa historia, nipo Mafia, naandaa ubao wa picha kwa wanafunzi kuhusu ndege za Waingereza zilizokuwa huku 1915 wakati wanaihangaikia ile meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha Delta ya Rufiji. Picha nimezikusanya sehemu mbalimbali, shida ni maelezo yake. Injini ikiwa ya duara tu huyu anaandika rotari, mwingine picha ileile anaandika radiali, na mimi sitaki kubandika ukutani kitu ambacho sina uhakika nacho, maana kikishabandikwa shule ndo kimekaa hivyo, watoto wanakibeba mpaka ukubwani.

Picha A: ndege kubwa kidogo, bawa juu na bawa chini, injini ipo nyuma ya rubani na propela inatazama nyuma. Silinda nimehesabu tisa, ni laini, hazina yale mapezi kama ya injini ya pikipiki, halafu kuna vibomba vimepita kati ya silinda na silinda. Imeandikwa rotari.

Picha B: ndege ndogo, injini mbele, imefunikwa na bati upande wa juu tu kama nusu duara, chini ipo wazi. Silinda za chini zinaonekana, zina mapezi membamba sana yamebanana. Imeandikwa radiali.

Picha C: ndege ya majini yenye maboya, injini ipo mbele ndani ya bati na karibu haionekani kabisa. Imeandikwa rotari.

Naomba mnielimishe, na kama kuna namna ya kuangalia mwenyewe bila kutegemea maandishi ya watu nifundisheni hiyo ndo nzuri zaidi. Natanguliza shukrani.

fundi_wa_hanga

Mwalimu umeuliza jambo zuri sana na hapo kwenye maandishi ya picha ndo pana vurugu kweli, nimeona mpaka vitabu vya picha vya bei kubwa vimechanganya.

Tuanze na msingi. Kwa kuangalia juujuu hizi injini zinafanana, silinda zimezunguka kasha la kranki (kranki ni ule mhimili unaozungushwa na pistoni) kama miale, propela katikati. Tofauti ni kipi kimefungwa na kipi kinazunguka. Kwenye radiali kasha na silinda vimekazwa kwenye ndege havitikisiki, kranki ndo inazunguka na propela imefungwa kwenye kranki, sawa na injini nyingine yoyote unayoijua. Kwenye rotari ni kinyume, kranki ndo imekazwa kwenye fremu ya ndege, haizunguki hata kidogo, na kasha lote na silinda zake zote linazunguka, propela imefungwa humohumo kwenye kasha. Yaani chuma chote kile kinazunguka mara 1200 hivi kwa dakika. Ukiwaza leo unaona ni wendawazimu ila walikuwa na sababu, ndege za wakati ule zilikwenda polepole, upepo wa kupooza silinda hautoshi, sasa silinda zikizunguka zinajitafutia upepo zenyewe hata ndege ikiwa imesimama chini inapasha moto, na flaiwili, lile gurudumu zito la kutuliza mzunguko, huhitaji kwa sababu injini yenyewe ndo flaiwili. Ndugu wawili wa Ufaransa, Louis na Laurent Seguin, ndo waliofanya hii kitu ikawa ya kuaminika na Gnome yao ya silinda saba, hp 50 (yaani nguvu farasi 50). Agosti 1909 kwenye mashindano ya Reims Henry Farman alishinda ya umbali akiwa na hiyo Gnome, na baada ya hapo kila mtu akaitaka.

Sasa picha imeganda, utajuaje nini kilikuwa kinazunguka? Mimi nawaambia vijana hivi: tafuta kitu ambacho hakiwezi kufungwa kwenye kitu kinachozunguka. Ukikipata, sio rotari.

Eksozi kwanza. Rotari huwezi kuifunga bomba la eksozi, utalifunga wapi wakati silinda inakimbia? Moshi unatoka moja kwa moja kwenye tundu la valvu juu ya kichwa cha silinda. Kwahiyo ukiona bomba limekusanya moshi wa silinda mbili tatu au pete ya bomba imezunguka injini, hiyo ni radiali na mjadala umefungwa. Ila angalia usigeuze, kukosekana kwa eksozi hakukuambii kuwa ni rotari, maana radiali za mwanzo nyingi zilikuwa zinatema moshi hewani hivyohivyo.

Pili maji. Rotari zilizokuwa vitani ni za kupoozwa na upepo. Silinda laini isiyo na mapezi maana yake imevalishwa koti la maji, na koti la maji linataka hozi na rejeta, na hozi haiwezi kuishi kwenye silinda inayozunguka. Picha A yako mwalimu hapo tayari naiona inaelekea wapi.

Tatu nyaya za plagi. Kwenye rotari magneto, kile kifaa cha kuzalisha umeme wa plagi, imekaa nyuma haizunguki, umeme unarukia kwenye pete inayozunguka na injini, na kutoka kwenye pete mpaka plagi wanatumia waya mwembamba wa shaba nyeupe usio na ngozi, upo uchi kabisa. Kwenye picha safi unauona umenyooka kama uzi nyuma ya kila silinda. Radiali inakuwa na nyaya nene zenye ngozi.

Nne, na hii naipenda kuliko zote, ukibahatika kupata picha iliyopigwa injini ikiwa inawaka. Kama propela imekuwa ukungu na silinda nazo zimekuwa ukungu, ni rotari. Kama propela ni ukungu na silinda zimetulia unaweza kuzihesabu, ni radiali. Hapo hata mtoto wa darasa la nne atakujibu.

kijana_wa_gereji

Wakuu samahani mimi nilivyosoma rotari nikajua mnaongelea injini ya Mazda ile ya RX-7, kwani sio hiyohiyo? ile nayo si inaitwa rotari na inazunguka ndani

fundi_wa_hanga

Hapana mdogo wangu, hiyo ya Mazda ni ya Wankel, haina pistoni za kwenda juu na chini kabisa, ina rota ya pembe tatu inazunguka ndani ya chumba na bodi imetulia. Hizi za ndege ni pistoni za kawaida za stroku nne, silinda ndo zinazozunguka. Jina limegongana tu, hakuna undugu.

kijana_wa_gereji

Aisee nimekupata. Sasa na hii ya silinda saba au tisa kwanini isiwe nane au sita za kulingana?

fundi_wa_hanga

Kwa sababu ya stroku nne. Kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, kwahiyo ili mlipuko upishane sawasawa unawasha silinda moja unaruka moja. Ukiwa na saba inakwenda 1, 3, 5, 7, 2, 4, 6, umemaliza zote kwa mizunguko miwili bila pengo. Ukiwa na nane ukiruka moja moja unarudi palepale ulipoanzia na nusu ya silinda hujazigusa. Hii sheria ni ya rotari na radiali zote mbili, haitenganishi, ila inasaidia kwenye utambuzi: ukihesabu ukapata namba shufwa basi ujue ni safu mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Radiali ya Anzani ya silinda sita ni tatu na tatu, ya kumi ni tano na tano, Gnome ya kumi na nne ni saba na saba. Siemens-Halske Sh.III ya Wajerumani ina kumi na moja safu moja, na hiyo ilikuwa ajabu nyingine kabisa, kranki inazunguka huku na kasha linazunguka kule, kila kimoja mara 900 kwa dakika.

mpwani_ughaibuni

Salaam wadau. Nipo Uingereza miaka mingi na hii ndo starehe yangu wikiendi, naenda sana kule Old Warden kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth, wana ndege za zamani na bado zinaruka. Wana Blériot ya 1909 yenye Anzani ya silinda tatu, ndugu ya ile aliyovukia Louis Blériot mfereji kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, na wana Sopwith Pup yenye Le Rhône ya hp 80 na Avro 504 yenye Le Rhône ya 110. Ikiwashwa hiyo Avro harufu inafika mpaka kwenye uzio, ni mafuta ya nyonyo kabisa, yaleyale ambayo bibi zetu walitupaka kichwani. Rotari zilitumia nyonyo kwa sababu petroli na hewa vinapita ndani ya kasha la kranki na nyonyo haikubali kuyeyushwa na petroli kirahisi, oili ya kawaida ingesafishwa yote. Na haikuwa inarudi kwenye tangi, inaingia inalainisha inatupwa nje pamoja na moshi. Ndo maana mwalimu hilo bati la nusu duara kwenye picha B lipo, linazuia oili isimrukie rubani usoni na linaielekeza chini. Bati la namna hiyo, juu limefunika chini wazi, mimi nikiliona kwenye ndege ya kabla ya 1918 mawazo yangu yanaanzia rotari.

Fundi amekueleza vizuri kutenganisha rotari na radiali, mimi niongezee ukishajua ni rotari, ni ya nani. Kwa Wafaransa na Waingereza majina makubwa ni Gnome, Le Rhône, Clerget na Bentley. Hesabu vitu viwili tu kwenye silinda moja, fimbo zinazopanda kwenda kusukuma valvu, na bomba la kuingizia mchanganyiko.

Fimbo moja na hakuna bomba lolote, hiyo ni Gnome. Gnome za mwanzo valvu ya kuingiza ipo katikati ya kichwa cha pistoni, inafunguka yenyewe kwa mvuto, mchanganyiko unatoka kwenye kasha unapenya kwenye pistoni, kwahiyo bomba la nini? Juu kuna valvu ya kutolea moshi peke yake, na fimbo yake moja. Hiyo valvu ya kwenye pistoni ilikuwa mateso kwa mafundi, kuifikia mpaka uanze kufungua, na ikikwama wazi moto unarudi ndani ya kasha. Ndo wakaja na Monosoupape 1913, wakaitoa ya kwenye pistoni wakaweka matundu chini ya silinda yanayofunuliwa pistoni ikishuka. Kwa nje bado ni fimbo moja hakuna bomba.

Fimbo moja na bomba la shaba nyekundu linalopanda kutoka kwenye kasha mpaka kichwani, hiyo ni Le Rhône. Yale mabomba yanang'aa huwezi kuyakosa, hata kwenye picha nyeusi na nyeupe yanaonekana. Walichofanya hapa ni ufundi wa hali ya juu, fimbo moja inafanya kazi mbili, ikisukuma inafungua valvu ya moshi, ikivuta inafungua ya kuingiza. Nikiiona ile roka inacheza pande zote mbili huwa nasimama hapo muda mrefu.

Fimbo mbili na bomba nyuma, Clerget. Hii ndo ilikuwa kwenye ndege nyingi za kivita za Sopwith Camel, Clerget 9B ya hp 130. Bentley BR1 nayo ina fimbo mbili, ilizaliwa kwa sababu W. O. Bentley alitumwa kwenda kuangalia Clerget zinavyochemka, akaja na silinda za aluminiamu zenye shati la chuma ndani. Kwahiyo ukikuta fimbo mbili na silinda ina rangi ya weupe uliopauka na mapezi manene kidogo, fikiria Bentley, ikiwa chuma cheusi chenye mapezi membamba fikiria Clerget.

Kwa Wajerumani usihangaike sana, Oberursel walikuwa wanatengeneza za Wafaransa. Oberursel U.0 ni Gnome ya saba ya hp 80, ndo iliyokuwa kwenye Fokker Eindecker ya kwanza, na Ur.II ni Le Rhône ya 110, hiyo ipo kwenye ile Fokker Dr.I ya mabawa matatu. Kwa umbo huwezi kuzitofautisha kirahisi na za Ufaransa, mpaka usome kibati au maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Hata Le Rhône zenyewe zilitengenezwa Bedford Uingereza, Pennsylvania Marekani, na Sweden kwa jina la Thulin. Usiseme "hii ni ya Kifaransa" kwa sababu umeona mabomba ya shaba.

Na kama mtu ana injini yenyewe mbele yake, sio picha, basi apime kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, hapo hakuna ubishi: Gnome ya hp 50 ni 110 kwa 120 milimita, Gnome ya 80 ni 124 kwa 140, Monosoupape ya 100 ni 110 kwa 150, Le Rhône ya 80 ni 105 kwa 140, Le Rhône ya 110 ni 112 kwa 170, Clerget 9B ni 120 kwa 160.

mwalimu_kilindoni

Jamani nimefurahi sana, nimekaa na kioo cha kukuzia tangu nimalize kipindi. Naomba niripoti.

Picha B: silinda zinazoonekana vizuri ni tatu za chini, nyingine mbili zimechungulia nusu pembeni mwa bati. Ni safu moja, nyuma yake sioni nyingine. Kila silinda ina fimbo moja tu kwa mbele na bomba la kupanda sijaliona. Kuna maandishi ya penseli nyuma ya nakala yanasema Caudron 80.

Picha A: vile vibomba nimevifuatilia, kimoja kinaondoka kwenye silinda ya juu kabisa kinakwenda kwenye kitu kirefu chembamba kimesimama ubavuni, naona ndo rejeta mnayosema.

Swali, hiyo "80" kwenye picha B kama ni hp, Gnome ipo ya 80 na Le Rhône ipo ya 80, si ndio? Na bati limefunika nusu. Naziachanishaje kama jicho langu halijaona bomba kwa sababu picha ni mbovu tu?

mzee_wa_kibokoni

Mwalimu salaam, nakuandikia kutoka Mombasa. Mambo ya injini nawaachia hao vijana wanayajua, mimi historia ya hiyo vita ndo naifuatilia, na pale Fort Jesus tuna mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa, watoto wanaupanda wanapigia picha na hawajui umetoka wapi. Kwahiyo ulichokianza hapo Mafia ni cha maana sana.

Nikupe mtiririko wa ndege, utakusaidia kujua nini kinawezekana kuwa kwenye picha na nini hakiwezekani. Ya kwanza kabisa Novemba 1914 ilikuwa boti ya kuruka ya Curtiss, ya rubani raia aitwaye Cutler, akirukia kutoka kisiwa cha Nyororo. Hiyo injini yake ni ya V, silinda zimepangwa safu mbili za mteremko, kwahiyo ukiona mtu kaandika rotari kwenye Curtiss mfute. Cutler mwenyewe alikamatwa na Wajerumani Desemba hiyohiyo. Februari 1915 zikaja Sopwith za maji, aina ya 807, hizo zina Gnome Monosoupape ya hp 100, na joto la huku liliwashinda, zilikuwa hazipandi na mwangalizi ndani. Baadaye zikaja Short za mabawa ya kukunja, hizo zina Gnome ya silinda kumi na nne, hp 160, na hizo ndo zilizopata picha za meli mwezi Aprili ingawa nazo zilipanda kwa taabu. Halafu Juni 1915 ndo zikafika za nchi kavu hapo Mafia kwenye uwanja waliousafisha, Caudron G.III mbili na Henri Farman F.27 mbili.

Farman hizo ni za fremu ya chuma, propela nyuma, na injini yake ni Canton-Unné, wengine wanaiita Salmson, silinda tisa, hp 140, inapoozwa kwa maji. Hiyo ni picha A yako nadhani bila shaka.

Picha C sasa, kama bati limefunika injini usiisome injini, isome ndege. Tafuta namba ubavuni au mkiani. Short za kundi lile ni 119 mpaka 122, Sopwith za aina hiyo ni 919 mpaka 926. Usidanganywe na mabawa kukunjwa, zote mbili zilikuwa zinakunja.

Na angalizo moja kwenye picha A. Farman F.27 hizohizo zilikuwepo pia 1916 na kikosi namba 26 cha Waafrika Kusini, kambi yao ilikuwa Mbuyuni upande wa Taita na Taveta. Picha zao zimechanganywa sana na za Mafia. Tazama nyuma ya ndege kuna nini, kama ni minazi sawa, kama ni nyika na vichaka vya miba na mlima kwa mbali basi hiyo sio ya kwenu.

fundi_wa_hanga

Mzee umetufungulia mlango. Hiyo Canton-Unné nataka niielezee kidogo maana watu wengi hawaijui na ni injini ya heshima. Ni radiali halisi, imefungwa haizunguki, ila ilikuja wakati kila mtu anadhani injini ya duara lazima izunguke ili ipoe. Georges Canton na Pierre Unné wakasema hapana, tutaiacha imetulia na tutaipooza kwa maji, kampuni ya Salmson ikaitengeneza, na Waingereza wakaitengeneza kwa leseni kule Stroud kwenye kiwanda cha Dudbridge. Ndani nako hawakutumia konrodi mama (fimbo kuu ya pistoni inayoshika kranki, nyingine zote zinashikwa kwake) kama radiali nyingine, walitumia gia za sayari ili pistoni zote tisa ziwe na mwendo sawasawa. Ni nzito kuliko rotari ya ukubwa huo, hilo halikwepeki, ukibeba maji na rejeta umebeba uzito, ila haili oili kama rotari na inavumilia kufanya kazi masaa mengi. Kwa kazi ya kuzunguka juu ya mikoko ya Rufiji unatazama risasi za meli zinaangukia wapi, mimi ningechagua hiyo kuliko Gnome.

Kwahiyo mwalimu maandishi ya picha A na picha B yamebadilishana kabisa. Iliyoandikwa rotari ni radiali, iliyoandikwa radiali ni rotari.

Sasa swali lako la 80. Hapa kuna njia safi na hauhitaji kuona bomba. Gnome ya 80, inaitwa Lambda, ina silinda saba. Le Rhône ya 80 ina tisa. Huwezi kuzihesabu zote kwa sababu ya bati ila huhitaji kuzihesabu zote, unahitaji mbili tu zilizo jirani. Duara ni nyuzi 360, ukigawa kwa saba ni kama nyuzi 51, ukigawa kwa tisa ni 40 kamili. Chukua protrekta ya mwanafunzi, weka katikati ya boss ya propela, pima pembe kati ya katikati ya silinda moja na inayofuata. Kama picha imepigwa kwa mbele hivi sawasawa utaona tofauti waziwazi. Kama imepigwa kwa upande pembe zinadanganya, silinda za chini na juu zitaonekana zimebanana na za pembeni zimetanuka au kinyume, hapo pima jozi mbili tatu utafute wastani.

Kuna jambo jingine kwenye Caudron G.III, nyingine zilifungwa Anzani ya silinda kumi, hp 100, hiyo ni radiali ya upepo. Ila Anzani ni safu mbili za tano, na mara nyingi haina hilo bati la juu. Wewe umesema safu moja, bati lipo, na penseli inasema 80, Anzani naitoa.

mpwani_ughaibuni

Hiyo ya protrekta ni nzuri sana fundi, nitaitumia. Mwalimu kama utapima, tumia mstari wa fimbo badala ya ukingo wa silinda, fimbo ni nyembamba na inapanda sambamba na silinda, inakupa mstari safi zaidi.

mwalimu_kilindoni

Nimepima na wanafunzi wa kidato cha tatu, nimewafanyia kama zoezi la hisabati na wamelipenda kuliko zoezi lolote la kitabuni. Picha imepigwa karibu mbele kabisa. Makundi yote yamepata kati ya 49 na 53, hakuna hata moja lililokaribia 40. Kwahiyo saba. Na fimbo moja, bomba hakuna. Gnome Lambda.

Picha A nyuma yake kuna minazi na kibanda kirefu cha makuti, mlima hakuna, nyika hakuna. Namwamini mzee, naiweka Mafia.

Picha C namba inasomeka nusu, tarakimu ya kwanza ni 9, mbili za nyuma zimefunikwa na mtu aliyesimama kwenye boya.

Maandishi niliyoyaandaa, naomba myapitie kabla sijachapisha:

A: "Henri Farman F.27, Mafia, 1915. Injini ya radiali Canton-Unné, silinda 9, inapoozwa kwa maji, hp 140. Silinda zimetulia, kranki na propela vinazunguka."

B: "Caudron G.III, Mafia, 1915. Injini ya rotari Gnome, silinda 7, inapoozwa kwa upepo, hp 80. Kranki imetulia, silinda na propela vinazunguka pamoja."

C: "Ndege ya majini Sopwith 807, 1915. Injini ya rotari Gnome Monosoupape, silinda 9, hp 100."

mzee_wa_kibokoni

A na B sina neno, mashaallah. Kwenye C ikianza na 9 Short imeshatoka, Sopwith ni sawa. Ongeza mahali kwamba zilirukia Nyororo, watoto wa Mafia wanakijua hicho kisiwa, wajue kilikuwa na kazi gani. Na kama una nafasi weka sentensi moja kuhusu tarehe 11 Julai 1915 siku meli ilipokwisha, kwamba rubani Cull na mwangalizi Arnold ndege yao ilipigwa ikawa inashuka na Arnold bado anatuma kwa redio risasi zinaangukia wapi, mpaka wakaangukia mtoni karibu na manowari ya Waingereza Mersey. Bila macho ya huko juu zile manowari mbili, Severn na Mersey, zilikuwa zinapiga mikoko tu.

fundi_wa_hanga

Mimi naongeza kidogo kwenye B. Andika "mzunguko 1200 hivi kwa dakika", mtoto akisoma silinda zinazunguka atauliza kwa kasi gani. Na kwenye C injini haionekani kwenye picha, kwahiyo weka "ndani ya bati" ili atakayekuja kutazama asitafute silinda tisa ambazo hazipo machoni.

kijana_wa_gereji

Mwalimu ukimaliza piga picha ubao utuwekee hapa, na hao kidato cha tatu waambie kuna fundi wa Mazda naye amejifunza protrekta leo

mwalimu_kilindoni

Nimerekebisha zote tatu kama mlivyosema, 1200 imeingia, Nyororo imeingia, Cull na Arnold wamepata sanduku lao chini ya picha A. Ubao unapanda Jumatatu, picha nitaweka hapahapa. Mzee wa Mombasa, nikija likizo nitakutafuta tuuone huo mzinga.